Maisha ya Daktari Robert Koch

Mtoto aliyekulia Mafiga hana haja ya kufundishwa maana ya jina la mtaa wake. Chungu hakikai juu ya figa moja, wala juu ya mafiga mawili. Sharti yawe matatu, ndipo kitulie na chakula kiive. Katika somo hili nitawasimulia habari za mganga mmoja wa Ulaya, jina lake Robert Koch, ambaye hakukubali kusema kwamba anajua asili ya ugonjwa mpaka amepata mafiga matatu ya kuutegemeza usemi wake. Wala si mtu wa mbali nasi kama mnavyodhani. Alifika katika nchi yetu mara tatu, akafanya kazi kando ya barabara ya misafara iliyopita hapa Morogoro, akitafuta mavumbini mdudu mdogo ambaye wazee wetu walimjua zamani.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, ulio katika milima ya Harz, nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mtu wa migodi, na nyumba yao ilijaa watoto, kwa maana walizaliwa 13. Yasimuliwa ya kuwa alipokuwa na umri wa miaka mitano aliwashangaza wazazi wake kwa kusoma gazeti, hali hakuna aliyemfundisha. Alipenda kukusanya wadudu, mawe na mimea, na zaidi ya yote alitamani kusafiri nchi za mbali. Mwaka 1862 aliingia katika chuo kikuu cha Göttingen, akajifunza uganga, akamaliza mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake, Jacob Henle, alikuwa ameandika mwaka 1840 kwamba huenda magonjwa mengine yaletwa na viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Lakini jambo hilo lilikuwa ni dhana tu, na dhana hata ikiwa nzuri namna gani, bado ni dhana.

Koch akaoa, akapata binti mmoja, akahama mji hadi mji akitafuta kazi. Ile hamu ya kusafiri ikazimika, au tuseme ilifunikwa na majivu kama kaa la moto. Mwaka 1872 akawekwa kuwa mganga wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao sasa umo katika nchi ya Poland. Kazi yake ilikuwa kutibu wakulima, kuzalisha wanawake na kuchanja watoto. Hakuwa na mwalimu karibu, wala maktaba kubwa, wala chumba cha kufanyia majaribio. Alikuwa na darubini moja ya kukuzia vitu vidogo, na wengi husimulia kwamba mkewe ndiye aliyempa iwe zawadi. Basi alitundika pazia katika chumba cha kupokelea wagonjwa. Upande mmoja walikaa wagonjwa, na upande wa pili aliweka darubini yake na vizimba vya panya.

Katika wilaya ile kulikuwa na msiba mkubwa wa wafugaji, nao ni ugonjwa wa kimeta. Kondoo aliyekuwa mzima asubuhi huenda akafa jioni, na damu yake ikawa nyeusi. Kimeta kiliwaua pia ng'ombe na farasi, na watu waliochuna ngozi. Tena palikuwa na jambo la ajabu: malisho mengine yalisemwa kuwa na laana. Mtu akiacha kuchunga mahali pale miaka kadhaa, kisha akarudisha kundi lake, kimeta kilizuka tena. Msidhani kwamba jambo hili ni la Ulaya tu, maana hata leo kimeta huua ng'ombe na wanyama wa porini kaskazini ya nchi yetu.

Watu waliotangulia walikuwa wamekwisha kuona vijiti vidogo sana katika damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta. Wengine wakasema, hivi ndivyo viletavyo ugonjwa. Wengine wakakataa wakasema vijiti hivi ni matokeo ya ugonjwa, kama vile funza waonekanavyo katika mzoga: funza hawakumwua mnyama, bali wamekuja baada ya kifo chake. Hapo fikirini vema. Makundi yote mawili yalitazama damu moja na kuona vijiti vile vile. Hawakushindana juu ya kile walichoona, walishindana juu ya maana yake. Na mashindano ya namna hii hayamalizwi kwa sauti kubwa wala kwa umri wa msemaji. Humalizwa kwa jaribio ambalo litatoa jibu moja ikiwa huyu ana haki, na jibu jingine ikiwa yule ana haki.

Koch akaanza hivi. Alichonga vijiti vya mti, akavipitisha katika moto ili kisiwepo juu yake kitu chochote kilicho hai. Akachovya kijiti katika damu ya kondoo aliyekufa kwa kimeta, akakitia katika jeraha dogo kwenye shina la mkia wa panya. Kesho yake panya amekufa. Akampasua, akaona bandama limevimba na kuwa jeusi, na vijiti vile vidogo vimejaa tele. Je, ilitosha? Mwanafunzi mwenye haraka atasema ndiyo. Lakini huenda panya alikufa kwa sababu ya jeraha, au kwa sababu ya damu ya mnyama mgeni. Kwa hiyo Koch alichukua na damu ya wanyama wazima, akawatia panya wengine kwa namna ile ile, kwa jeraha lile lile. Hao hawakufa. Ndipo alipojua kwamba kifo hakikutoka katika jeraha wala katika damu, bali katika kitu kilichomo ndani ya damu ya mgonjwa.

Wale panya wa pili ndio niliotaka mwatazame sana. Mwaka mmoja darasa langu lilipanda maharage katika kopo, wakalitia samadi, na maharage yakaota vizuri. Wote wakasifu samadi. Nikawauliza, liko wapi kopo lisilotiwa samadi? Halikuwapo. Basi hatukujua kama tusifu samadi, au mvua, au mbegu yenyewe. Tulirudia kazi kwa makopo mawili, na wiki zile mbili za kungoja hazikupotea bure.

Hata hivyo Koch aliona bado kuna mlango wazi kwa wapinzani wake. Wangeweza kusema kwamba katika damu mna mambo mengi, na kwamba si vijiti viuavyo bali sumu nyingine isiyoonekana. Njia ya kuwajibu ilikuwa kuvitenga vijiti, kuvilisha peke yake nje ya mwili, na kuvizalisha hata pasibaki kitu cha damu ile ya kwanza. Akatwaa maji safi yaliyomo ndani ya jicho la ng'ombe, akatia tone moja juu ya kioo chembamba, akaweka ndani yake chembe ya bandama la panya aliyekufa, kisha akakigeuza kioo juu ya kingine kilichochimbwa kishimo, tone likaning'inia bila kuguswa. Akalihifadhi katika joto kama la mwili, akakaa kulitazama saa nyingi. Vile vijiti vikarefuka, vikawa nyuzi ndefu. Akachukua kidogo sana kutoka tone la kwanza akatia katika la pili, na kutoka la pili katika la tatu, akaendelea hivyo hata tone la nane. Damu ya mwanzo ilikuwa imekwisha kupotea kabisa, lakini tone la mwisho lilimwua panya upesi kama la kwanza.

Tena aliona katika nyuzi zile vidonge vidogo ving'aavyo, kama punje ndani ya ganda. Vidonge hivyo vilistahimili ukavu na muda mrefu, na vilipopata tena chakula na joto viligeuka kuwa vijiti. Sasa siri ya malisho yenye laana ikafunuka. Mzoga wa mnyama hutupwa au huzikwa juujuu, vidonge hukaa katika udongo miaka mingi, na kondoo hula majani yenye udongo ule. Laana haikuwapo, bali mbegu.

Tarehe 30 Aprili 1876 Koch alikwenda mji wa Breslau kumwonyesha Ferdinand Cohn, mtaalamu wa mimea na wa viumbe vidogo. Alibeba darubini yake, vioo vyake na panya wake. Hakuwa na cheo, naye alitoka mji ambao wengi hawakuusikia. Siku zile alirudia majaribio yake yote mbele ya wataalamu, nao walioingia wakiwa na mashaka walitoka wakiitana. Mwaka ule ule maneno yake yakapigwa chapa.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin, akapewa chumba kizuri cha kazi na wasaidizi. Huko alipata shida mpya: vijidudu vya namna nyingi huchanganyika, na katika maji haviwezi kutengwa. Siku moja aliona juu ya kipande cha kiazi kilichopikwa madoadoa ya rangi mbalimbali. Akachunguza kila doa, akakuta kila moja ni kabila moja tu la vijidudu. Katika maji wageni wote huogelea pamoja. Juu ya kitu kigumu kila mmoja hujenga mji wake pale alipoangukia. Basi akatafuta chakula kigumu cha kuvilisha. Gelatini iliyeyuka katika joto. Mke wa msaidizi wake mmoja, bibi Fanny Hesse, ndiye aliyeshauri kutumia agari, aliyoijua jikoni kwa kutengenezea vyakula vya kuganda. Agari hutolewa katika mwani wa baharini, na hata sasa hospitali nyingi duniani huitumia kwa kazi hiyo. Shukrani hii ilimfikia bibi yule kwa kuchelewa sana.

Kwa ufundi huo Koch akashika kazi ya kifua kikuu. Wakati ule, kwa hesabu yake mwenyewe, katika kila watu saba waliokufa mmoja alikufa kwa ugonjwa huo, na wengi waliamini kwamba hurithiwa kama pua au rangi ya macho. Vijidudu vyake ni vidogo sana, navyo havishiki rangi upesi. Koch alijaribu rangi nyingi mpaka akapata njia ya kuvitia rangi ya samawati, na vitu vyote vingine kuwa vya kahawia. Tena huota polepole. Vijidudu vingine huonekana kwa siku moja au mbili; hivi havikuonekana mpaka juma la pili, na mtu asiye na subira angetupa vioo vyake na kuandika kwamba hapana kitu. Akavitia katika miili ya simbilisi, wale wanyama wadogo wafugwao sana Iringa na Mbeya, nao wakapata kifua kikuu. Tarehe 24 Machi 1882 alisimama mbele ya waganga wa Berlin akawaeleza yote. Watu husimulia kwamba alipokwisha kusema hapakuwa na mtu aliyeuliza swali. Wakaondoka vitini kimya, wakaenda kutazama katika darubini zilizopangwa mezani.

Sasa myaone mafiga yake matatu. La kwanza, kijidudu kionekane katika kila mgonjwa wa ugonjwa ule. La pili, kitengwe na kuzalishwa peke yake nje ya mwili. La tatu, kikitiwa katika mnyama mzima, kilete ugonjwa ule ule. Waliofuata waliongeza kwamba kitolewe tena katika mnyama yule na kutambuliwa kuwa ndicho. Lakini mjue pia kwamba Koch mwenyewe hakuyapata mafiga yote kila mara. Mwaka 1883 alitumwa Misri na Bara Hindi kuchunguza kipindupindu. Katika Alexandria Mfaransa kijana, Louis Thuillier, aliyekuja kwa kazi hiyo hiyo, alikufa kwa ugonjwa ule, na Koch pamoja na wenzake walikwenda kumzika. Huko Calcutta, mwaka 1884, alipata kijidudu kilichopindika kama alama ya mkato, akakiona katika matumbo ya wagonjwa na katika maji ya bwawa walimochota watu. Lakini hakuna mnyama aliyekubali kuugua. Figa la tatu halikupatikana. Akalikubali jambo hilo waziwazi, akakusanya ushahidi wa namna nyingine, yaani nani aliugua, na alikunywa maji ya wapi.

Huyu mtu mwenye hadhari hivyo alianguka vibaya mwaka 1890. Alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu katika simbilisi, na kwamba huenda kitawafaa watu. Watu hawakungoja neno huenda. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka nchi nyingi, hoteli zikajaa, na dawa, iliyoitwa tuberkulini, ikatiwa katika miili ya maelfu. Koch hakueleza mara moja imetengenezwaje, hata wengine wasiweze kuipima wenyewe. Kabla ya mwaka kugeuka sana ilidhihirika kwamba haiponyi. Wengine walizidiwa, na waliofariki walipopasuliwa ilionekana kwamba ugonjwa umeenea. Yaliyoonekana katika simbilisi wachache yalivushwa upesi mno hadi kwa wanadamu. Hata hivyo kitu kile hakikuwa cha bure: mtu mwenye vijidudu vya kifua kikuu ngozi yake huvimba akichomwa nacho, na tangu hapo kimetumika kupimia, kwa watu na kwa ng'ombe. Jaribio lilijibu swali ambalo Koch hakuliuliza.

Sasa tuingie katika Afrika. Mwishoni mwa mwaka 1896 aliitwa Afrika ya Kusini, maana sotoka ilikuwa ikimaliza ng'ombe. Kutoka huko alikwenda Bara Hindi kwa ajili ya tauni, na mwaka 1897 akashuka Dar es Salaam, akakaa mpaka mwaka uliofuata. Hapo alichunguza malaria. Kila mwenye homa alitazamwa damu yake kwa darubini, na joto lake likaandikwa saa kwa saa, ili ijulikane ni wakati gani kwinini yafaa kutolewa.

Alipopanda milima ya Usambara alisikia neno ambalo hakulisahau, akaliandika. Washambaa walimwambia kwamba juu mlimani hawaugui homa, bali wakishuka nchi ya chini huumwa na wadudu na kurudi wagonjwa. Na yule mdudu na ule ugonjwa waliuita kwa jina moja, yaani mbu. Wazee wale hawakuwa na darubini, ila walikuwa wamelinganisha mahali pawili na kuona tofauti. Koch aliwasikiliza. Lakini mpaka hapo lilikuwa figa moja. Mafiga mengine yalitafutwa Bara Hindi na Ronald Ross, aliyemwona mdudu wa malaria ndani ya tumbo la mbu mwezi wa Agosti mwaka huo wa 1897, na Waitalia waliothibitisha kwa wanadamu mwaka 1898.

Katika Dar es Salaam pia alitazama damu ya ng'ombe wagonjwa, akaona vijidudu vidogo mno. Akadhani ni watoto wa vijidudu vya ugonjwa mwingine wa ng'ombe uliojulikana Marekani, akaandika hivyo. Alikosea. Miaka sita baadaye, mwaka 1903, aliitwa Bulawayo, katika nchi iitwayo sasa Zimbabwe, ambako ng'ombe walikuwa wakifa kwa ugonjwa mpya. Akaona vijidudu vile vile, akavilinganisha tena kwa makini, ndipo akatangaza kwamba ni ugonjwa mbali, uliotoka pwani yetu ya mashariki. Ndio huo wafugaji wetu waitao ndigana kali. Alichokiona Dar es Salaam kilikuwa kweli. Maana aliyokipa ndiyo iliyokuwa ya kosa, naye hakuona haya kuibadili.

Alirudi kwetu mwishoni mwa mwaka 1904. Wakati ule reli haijafika Morogoro. Ilifika mwaka 1907. Wapagazi walibeba mizigo kwa miguu kutoka pwani kwenda bara, na jioni walilala katika mabanda yaliyojengwa kando ya njia. Wageni waliolala humo walishikwa na homa kali siku chache, ikaondoka, na baada ya juma moja hivi ikarudi, ikaondoka tena, ikarudi tena. Wengi waliifikiri kuwa malaria, wakala kwinini bila faida. Koch alipotazama damu aliona vijidudu vilivyojipinda kama uzi uliosokotwa. Je, vilitoka wapi?

Wenyeji walikuwa wamekwisha kumshitaki papasi. Mdudu huyu ni jamaa ya kupe, lakini hakai juu ya mwili kama kupe wa ng'ombe. Mchana hujificha katika vumbi la sakafu kavu na nyufa za ukuta. Usiku hutoka, hunywa damu, kisha hurudi mafichoni kabla ya mapambazuko, hata aliyeumwa asimwone. Aweza kukaa na njaa miaka. Koch alifuata barabara ya misafara akichimbua vumbi la mabanda, akakusanya papasi, akawapasua mmoja mmoja chini ya darubini. Katika baadhi yao vile vijidudu vilionekana. Kisha akagundua jambo kubwa zaidi: vilikuwamo hata katika mayai. Akayaacha mayai yaanguliwe mbele yake, akawatwaa papasi wachanga ambao tangu kuzaliwa hawajamwuma mtu, akawaweka juu ya nyani wadogo. Nyani wakashikwa na homa. Basi papasi hurithisha vijidudu kwa watoto wake, na banda lililoachwa wazi muda mrefu laweza kuwa na hatari kama lile lililolaliwa jana.

Palibaki fumbo moja. Katika vijiji vingi papasi walikuwa wengi, tena wenye vijidudu, lakini wenyeji hawakuugua. Mtu aliyetazama hesabu hiyo peke yake angesema kwamba papasi hana kosa. Koch alikumbuka alichokiona New Guinea mwaka 1900: katika vijiji vya malaria, vijidudu vilijaa katika damu ya watoto wadogo, na watu wazima hawakuwa navyo, kwa kuwa miili yao ilikwisha kujifunza kupigana. Akaona kwamba na hapa ndivyo ilivyo; wenyeji wamekwisha kuugua utotoni, na aumwaye sana ni mgeni. Akawashauri wasafiri wasilale katika mabanda ya zamani wala juu ya sakafu ya nyumba, bali wapige hema mbali kidogo na pale. Shauri hilo halikuhitaji dawa wala fedha.

Wala hakuwa peke yake katika kazi hii. Waganga wa Uganda walikuwa wamefikia jibu hilo mwaka 1904, na katika Kongo waganga wawili, Dutton na Todd, walilithibitisha wakati ule ule. Dutton alishikwa na homa ya papasi akiwa kazini, akafa mwezi wa Februari 1905, na kijidudu kile huitwa kwa jina lake. Makundi ya watu mahali patatu, wasioonana, wakapata jibu moja; ushahidi wa namna hiyo ni mgumu kuuvunja.

Mwisho wa mwaka 1905 Koch alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Angeweza kukaa nyumbani, lakini mwaka 1906 alirudi Afrika kwa ajili ya malale, ugonjwa ulioua zaidi ya watu laki mbili katika Uganda kwa miaka michache. Alipiga kambi visiwani Sese, katika Ziwa Victoria. Wagonjwa walimjia kwa mamia, wengine wamebebwa. Alikuwa na dawa iitwayo atoksili, yenye sumu ya aseniki ndani yake. Alipoitia katika mwili, vijidudu vilitoweka katika damu kwa muda wa saa chache, na wagonjwa waliokuwa wakilala waliinuka wakatembea. Furaha ikawa kubwa. Lakini baada ya majuma vijidudu vilirudi. Koch akazidisha kipimo, kisha akazidisha tena, na hapo wagonjwa 22 wakapofuka macho, nao hawakuona tena maisha yao yote.

Siwezi kuipita habari hii haraka. Panya wa Wollstein walikuwa panya. Watu wa Sese walikuja kutafuta uzima, na hawakupewa nafasi ya kujua kiasi cha hatari ya dawa ile kabla ya kuipokea. Wengine waliikimbia kambi, na nani awalaumu? Koch alipunguza kipimo, akaandika katika taarifa yake kwamba watu wale wamepofuka, na siku hizi sheria za nchi nyingi, na yetu pia, hukataza mganga kumjaribia mtu dawa bila idhini yake.

Koch aliondoka mwaka 1907. Msaidizi wake Friedrich Kleine akaendelea na kazi katika nchi yetu. Watu waliamini kwamba mbung'o huchukua vijidudu mdomoni, kama sindano chafu, na kuvipeleka mara moja. Kleine aliwalisha mbung'o kwa mnyama mgonjwa, kisha kila siku akawalisha kwa wanyama wazima. Siku ya kwanza, ya tano, ya kumi, hakuna aliyeugua. Wengi waliotangulia walikomea hapo. Yeye aliendelea, na ilipopita siku ya kumi na nane hivi, wanyama wakaanza kuugua mmoja baada ya mwingine. Vijidudu vilihitaji muda wa kukua ndani ya mbung'o. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1909, nayo ilimkuta Koch angali hai, mzee mwenye moyo mgonjwa.

Alifariki tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Mwili wake ulichomwa, na majivu yake yakawekwa katika chuo cha Berlin kilichojengwa kwa ajili ya kazi yake, nacho chaitwa kwa jina lake hata leo.